Sauti ya Nne kwenye Jiwe la Kobe

Sifa na shukrani ni zako, Mungu uliyeisimamisha milima ya Mbozi kabla hatujazaliwa, ukatupa magoti ya kuipanda, na sasa unayachukua magoti hayo polepole, moja baada ya jingine, bila kutuchukua sisi wenyewe. Asante kwa uvumilivu wako. Asante kwa walimu uliotupa, na kwa kicheko ulichotuwekea hata pale tulipokuwa tumejipanga kulia. Nijalie nikumbuke vizuri, nisiongeze chumvi; na nikiongeza, iwe kidogo tu, ya kuonja.

Simu ilinikuta Tunduma, nimekaa kibarazani natazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Aliyepiga ni Simbeye, rafiki yangu wa tangu ujana, na kama kawaida yake hakuanza na salamu. "Eliya, Mwalimu Nzunda ametutoka. Tunazika kesho Isansa. Njoo na kipulizio." Kisha akakata, kwa sababu Simbeye anaamini mpaka leo kwamba simu ikizungumziwa sana inachoka. Niliingia ndani, nikafungua kabati, na nyuma ya Biblia nikatoa kile kipande kidogo cha shaba kinachochomekwa kwenye tarumbeta ili midomo ya mpigaji ipate pa kukaa. Ndicho tunachokiita kipulizio. Wajukuu zangu wamekiona kabatini miaka yote, na wanaamini ni ufunguo wa sanduku fulani ninalowaficha. Bila kipulizio, tarumbeta ni pambo la ukutani. Bila tarumbeta, kipulizio hutoa sauti ya bata aliyekanyagwa, na hilo nitalieleza likifika mahali pake.

Nilipofika msibani kesho yake, pikipiki iliniacha kwenye njia ya kahawa, na kabla sijaliona jeneza nilisikia kicheko. Mtani mmoja wa ukoo wa marehemu, mama mnene aliyevaa kofia ya Mwalimu, alikuwa amejibandika kwenye ukuta wa nyumba kama mjusi, mashavu yamegusa udongo, mguu mmoja hewani, akipiga kelele: "Sauti ya nne, Eliya! Iko wapi sauti ya nne?" Kwetu mtani ana ruhusa ya kumcheka marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna wa kumkemea. Mjane mwenyewe alikuwa anacheka huku anajifuta machozi kwa kanga. Mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele karibu nami akamuuliza mwenzake, "Kwani huyo Eliya ni nani?" Mwenzake akamjibu bila kuinua macho, "Mzee mmoja wa zamani. Nadhani naye alishakufa." Nikawaamkia. Wakaniitikia vizuri, wakanikaribisha maji ya kunawa, na nikakaa pale kimya, marehemu wa pili, nikiukumbuka mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi katika chuo kidogo cha Biblia hapo hapo Isansa, kijana mwenye kifua kipana na mawazo membamba. Chumba nilichopewa kilipakana na jiko. Ukuta uliotutenga haukufika kwenye bati, kwa hiyo moshi, harufu ya maharage na maneno ya wanawake vilinifikia bila kupunguzwa. Kabla sijatoka kitandani nilikuwa nimeshajua nani amechumbiwa, nani amekosana na mkwewe, na kwamba yule kijana wa tarumbeta anakula kama watu wawili na kusali kama nusu mtu. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa ya Mama Sekela, mpishi wetu, aliyekuwa na mkono mzito kwenye chumvi ya Ivuna na mwepesi kwenye nyama. Nilimpenda kama mama, nami niliitafuna chumvi yake kwa shukrani. Mpaka leo nikisoma habari za Sulemani na hekalu lake, harufu inayonijia ni ya maharage yaliyoanza kuungua.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana bila hiyo huwezi kuelewa kilichotupata. Nyuma ya kanisa letu lilisimama jiwe kubwa jeusi, refu kuliko mikaratusi iliyolizunguka, lenye mgongo wa mviringo na shingo iliyochomoza mbele. Tuliliita Kobe. Upande wetu kulikuwa na usharika wetu, na ng'ambo ya jiwe kulikuwa na usharika wa pili, na kati yetu sote lilikuwepo tarumbeta moja tu. Wakati wa Kwaresima tarumbeta lilinyamaza. Ili mtu asishawishike kulipiga, usharika mmoja ulikaa na tarumbeta na mwingine ukakaa na kipulizio. Alfajiri ya Pasaka, watu wa pande zote mbili walikusanyika kwenye makaburi yao chini ya jiwe, na kijana mmoja kutoka kila upande alipanda, mmoja na tarumbeta, mmoja na kipulizio. Atakayetangulia kufika kileleni ndiye atakayelipiga jua likichomoza, na usharika wake ndio utakaokaa na tarumbeta mpaka Pasaka nyingine. Harusi zote na mazishi yote ya mwaka yalitegemea kijana mmoja na vidole vyake. Mpigaji wetu wa awali alikuwa amevuka mpaka kutafuta kazi Zambia. Wazee wakatazama kifua changu, wakasema, "Eliya."

Nilianza mazoezi baada ya Krismasi, na kwa muda mrefu nilifanya zoezi moja tu: nilimvamia Kobe. Kila alasiri nilianzia ufa ule ule, kwa mguu ule ule wa kulia, nikajivuta kwa mikono mpaka chini ya shingo, mikono ikafa ganzi, nikateremka kwa tumbo. Shati langu la mazoezi lilibaki mgongo na mikono. Nikadhani nguvu hazitoshi, nikawa nabeba ndoo za maji kwa mikono iliyonyooka na kuongeza ugali. Nguvu ziliongezeka kweli, na ugali nao uliongezeka, na vyote viwili vilifika chini ya shingo ya Kobe vikakwama kwa pamoja.

Ndipo alipokuja Mwalimu Nzunda. Alikuwa mwalimu wetu wa kwaya, mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa sauti, ambaye hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko kitanda chake. Hakuficha. "Mimi nikisimama juu ya kigoda dunia inazunguka," alisema. "Lakini masikio yangu yanapanda popote." Alivuta jiwe dogo, akakaa akimpa Kobe mgongo, akafumba macho, akaniambia nipande. Nilipanda, nikakwama, nikateremka kwa tumbo. Alipofumbua macho aliniuliza, "Mikono yako inafanya nini huko?"

"Inapanda, Mwalimu."

"Na miguu?"

"Inafuata."

"Na kiuno?"

Sikuwa nimewahi kufikiria kiuno changu katika habari za Pasaka.

"Kiuno kimekuja kutazama," akasema. "Mikono inapiga kelele peke yake, miguu inaburuzwa, kiuno ni mgeni mwalikwa. Hiyo si kwaya, mwanangu. Huo ni ugomvi wa sokoni. Eliya wa kwanza alipaa kwa upepo na gari la moto. Wewe si yule. Wewe utapanda kwa sauti nne."

Kuanzia siku ile hakuna zoezi lililofanana na la jana yake. Siku moja alinipeleka kwenye mawe ya mtoni yenye utelezi, akaniambia nitembee juu yake bila mguu kutoa sauti. Kila nilipolikwaruza jiwe, alikohoa, nami nikarudi mwanzo. Siku nyingine alinifunga mkono wa kulia kwa kitambaa cha shingo, nikapanda kwa wa kushoto pekee, na hapo ndipo miguu yangu ilipogundua kwamba ni mali yangu. Siku nyingine alinitaka nimbandikie Kobe nyonga, si kifua, kama mtu anayepita mlango mwembamba na mzigo kichwani. Tulipanda kwa wimbo wa mazishi, kiungo kimoja kwa kila mstari, mpaka nikachoka kusubiri; kesho yake tukapanda kwa wimbo wa harusi, na hapo sikupata hata nafasi ya kuogopa. Aliongoza kwa kijiti chake akiwa chini, macho kafumba. Mara moja alipiga chafya katikati ya ubeti, nami kwa utii nikahamisha mguu mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Mvua ilipokuwa kubwa tulihamia kwenye ukuta wa jiko, uliojengwa kwa mawe yasiyolingana. Kazi ilikuwa kulizunguka jiko lote kwa upande, bila kugusa ardhi na bila kwenda juu. Wanafunzi wenzangu walipita na Biblia zao kwapani wakinisalimia kama wanavyomsalimia mgonjwa. Kila nilipofika dirishani, Mama Sekela alinikuta nimejinyoosha mbele yake, mdomo wazi kwa kuhema, na siku moja akanitia kiazi kitamu cha moto. "Kula, mjusi," akasema, akafunga dirisha. Sikuweza kukitema wala kukishika. Nilimaliza mzunguko mzima na kiazi mdomoni, machozi yakinitoka, na Mwalimu akasema ni mara ya kwanza nimepanda bila kuguna. Asubuhi yake, nikiwa kitandani, niliyasikia maneno yakivuka ukuta pamoja na moshi.

"Mwalimu anamfundisha nini yule kijana?"

"Kuingia mbinguni kupitia dirishani."

"Mlangoni amekataliwa?"

"Kwa anavyokula, mlango haumtoshi."

Sauti ya nne ndiyo iliyonitia uvivu. Katika kwaya ni besi, ile ya chini. Katika mazoezi yetu ilikuwa kushuka: kushuka nikitanguliza miguu, nikilipapasa jiwe kwa vidole vya mguu, nikihamisha uzito polepole kabla mkono haujaachia. Nilimwambia Mwalimu wazi kwamba sioni faida yake. "Nani amewahi kupewa tarumbeta kwa kushuka?"

"Besi haipewi kitu," akajibu. "Ila ikinyamaza, wote mnaanguka. Shuka tena."

Nikashuka tena. Nilishuka sana, na moyoni nililalamika kwa Mungu kwa lugha nzuri ya maombi.

Alfajiri ya Pasaka ilikuja na ukungu uliofunika makaburi mpaka magotini. Watu wetu walikuwa wameshaimba na kunyamaza. Mama Sekela alinifunga tarumbeta mgongoni kwa kitenge, juu ya kanzu ya kwaya, kama mtoto, akakaza fundo, akanipaka majivu ya jikoni viganjani ili visiteleze. "Usimwangushe mtoto wa watu," akasema. Mwalimu Nzunda alikaa juu ya jiwe lake, akampa Kobe mgongo, akafumba macho. Nikaanza. Nilipofika chini ya shingo, mahali nilipokwama majira yote ya mvua, sikujivuta. Niliubandika ubavu, nikasogea pembeni kama niko ukutani mwa jiko, mguu wa kushoto ukajipatia ufa ambao mguu wa kulia haukuwahi kuuona, na shingo ya Kobe ikapita mbele ya uso wangu kama mtu tunayepishana njiani. Nilifika kileleni nikiwa na pumzi ya kutosha kuimba. Hapakuwa na mtu. Nimeshinda! Nilimfungua mtoto mgongoni, nikamlaza kwenye kitenge, nikakaa kumsubiri kijana wa ng'ambo aniletee kipulizio changu.

Hakuja. Mashariki palianza kuwa pekundu. Kisha kutoka upande wa pili wa jiwe, ndani ya ukungu, nikasikia: "Pwee."

Nililala kwa tumbo nikachungulia. Chini kidogo ya ukingo alikuwepo kijana mkubwa kuliko mimi, mwenye mikono ya kubeba magunia ya chumvi, amemkumbatia Kobe kama mtu aliyemkuta ndugu aliyepotea. Kipulizio alikuwa amekibana kwa meno. Huyo ndiye Simbeye, na hivyo ndivyo tulivyofahamiana.

"Ndugu, vipi?" nikamuuliza.

"Pwee," akajibu.

Alikuwa amekuja kwa mikono peke yake, kama mimi wa Krismasi, na mikono sasa ilikuwa imemwishia nguvu. Nikashuka kuelekea kwake nikitanguliza miguu, nikilipapasa jiwe nisilolijua, upande ambao sikuwahi kuugusa. Nilipolingana naye nilimtoa kipulizio mdomoni. Alivuta pumzi ndefu, akanitazama, na macho yake yakaenda kwenye mkono wangu.

"Basi umepata," akasema. "Panda ukapige. Wewe ndiye uliyetangulia. Ila ukimaliza, tafadhali, mwambie mama yangu ng'ombe mweusi asiuzwe."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Ni ng'ombe mzuri."

Ndugu msomaji, haki ilikuwa yangu. Jua lilikuwa linakuja, watu wangu walikuwa wanasubiri, na kipulizio kilikuwa mkononi. Ningepanda, ningepiga, kisha ningemrudia. Lakini niliitazama miguu yake, nikaona ule wa kushoto unateleza kidogo kidogo, na nikajua kwamba wimbo wa Pasaka una beti nyingi kuliko alizobakiza yeye. Nikamkumbuka yule mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa nyikani akamfuata mmoja. Neno linasema alimweka mabegani akifurahi. Neno halisemi kondoo yule alikuwa na uzito gani.

Kanzu yangu ya kwaya haikuwa na mfuko. Nikakitia kipulizio kwenye mfuko wa shati lake, nikashuka chini yake. "Acha kumvuta Kobe," nikamwambia. "Mguu wa kushoto nipe mimi." Nikaushika kisigino nikaupeleka kwenye ufa. "Sasa nyonga, igeuze iguse jiwe. Usiite mkono. Mkono unyamaze." Akafanya. Nikamwimbia ule wimbo wa mazishi, kiungo kimoja kwa mstari, ingawa aliniomba nichague mwingine. Mwishoni kulikosekana mahali pa mguu wa kulia, nikampa kichwa changu. Alisimama juu yake kwa unyayo mzima, akapumua, akasema "Samahani, kaka," kisha uzito ukaondoka, na nikasikia tumbo lake likiburuzika kileleni.

Kilichofuata hakukipanga, nami namwamini. Alisimama, jua likampiga usoni, akawaona watu wa pande mbili wametapakaa chini kama mchele, akaliona tarumbeta kwenye kitenge, na furaha ya kuwa hai ikamshinda. Nikiwa bado nimening'inia na alama ya unyayo kwenye nywele, nikalisikia tarumbeta likitangaza juu ya kichwa changu kwamba Bwana amefufuka. Alipiga vizuri. Mabonde yote yaliitika. Watu wetu walishangilia sana, wakidhani ni mimi.

Kesi ilisikilizwa wakati wa chai, kwenye uwanja wa kanisa, kati ya viazi vitamu na wali. Mzee wa ng'ambo alisema aliyepiga ndiye mwenye tarumbeta. Mzee wetu alisema aliyetangulia ndiye mwenye haki ya kupiga. "Na Eliya alitangulia?" akaulizwa. "Alitangulia." "Basi ilikuwaje Simbeye akawa juu na yeye akawa chini?" "Kwa sababu alishuka." "Nani alimwambia ashuke?" Hapo wote wakanitazama, na Simbeye akasimama akasema kwa sauti ya kuapa kwamba tarumbeta ni la Isansa, maana yeye amefika juu kwa kutumia kichwa cha Isansa. Wazee wakacheka mpaka chai ikamwagika, lakini kanuni ni kanuni: tarumbeta likavuka kwenda ng'ambo ya jiwe. Mama Sekela hakunisemesha, ila alinipakulia ukoko. Mwalimu Nzunda alikuwa kwenye sahani yake ya tatu. Aliifuta kwa kidole, akanisogelea. "Wote walisikia sauti ya kwanza," akaniambia. "Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia ya nne." Akaenda kutafuta sahani nyingine.

Jumapili iliyofuata Simbeye alikuja kwa miguu, akanikabidhi kipulizio kikiwa kimefungwa kwenye leso. "Tarumbeta letu, hiki kaa nacho wewe," akasema. "Tukiwa na harusi nitakuita. Mkiwa na harusi mtaniita." Mwaka ule wote hapakupigwa tarumbeta upande wowote bila sisi wawili kuwepo, na hapakuliwa pilau bila sisi wawili kuila. Pasaka iliyofuata wazee walisema mashindano hayana haja tena, kwa kuwa vijana wenyewe hawataki kutengana.

Yote hayo niliyakumbuka nikiwa nimekaa msibani, mpaka Simbeye alipotokea na tarumbeta kwapani na fimbo mkononi, akaniambia, "Uko hai?" Nikamwonyesha wale akina mama, nikasema wao wana mashaka. Kaburi la Mwalimu lilichimbwa kwenye mojawapo ya ngazi za juu zilizokatwa mlimani katika shamba la kahawa, na desturi inamtaka mpigaji asimame juu zaidi, kwenye ukingo wa ngazi inayofuata. Ukingo ule ulitufika kifuani. Vijana wakasogea. "Wazee, tuwabebe?" Simbeye akawatazama kwa huruma. "Tulipanda Kobe baba zenu wakiwa wanatambaa," akasema. Kisha akaniinamia, kwa sauti ndogo: "Eliya, goti la kulia halipo tena."

Nikapiga magoti yangu yaliyobaki kwenye udongo mwekundu, nikaunganisha viganja. "Mguu wa kushoto," nikasema. "Na nyonga uigeuze." Akauinua mguu, akasita, akanitazama juu ya utosi.

"Kichwani?"

"Kichwani hapana. Siku hizi pana upara, utateleza."

Yule mtani mwenye kofia ya marehemu akapiga kelele kutoka kando ya kaburi, "Hiyo ndiyo sauti ya nne!" na msiba mzima ukacheka, na Simbeye akapanda. Nikampa kipulizio kutoka chini. Meno yake ya mbele yamekwisha, kwa hiyo kwanza ilitoka "pwee." Akaweka midomo upya, na safari hii mabonde yakaitika. Mimi nilibaki chini, viganja vimejaa udongo wa kiatu chake, nikaona nipo mahali pangu.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akujalie mahali pa kuweka mguu pale mkono unapochoka. Akupe rafiki wa kukushika kisigino, na ikikupasa kukanyaga kichwa cha mtu, kiwe cha mtu anayekupenda. Na siku utakayopanda mlima ule wa mwisho, ukute wenzako wameshafika, tarumbeta liko tayari, na chai haijapoa. Amina.